Jirani Anapofungua Kidonda

Mwezi Septemba mwaka 1904 kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada aliteremka melini New York akiwa na kidonda kifundoni. Jina lake Walter Clement Noel, umri wake miaka 20, na safari yake ilikuwa ya Chicago, kusomea udaktari wa meno. Daktari wa New York alimpa tinkcha ya iodini ya kupaka, kidonda kikafunga na kuacha kovu, jirani na makovu mengine aliyotoka nayo kwao. Mwisho wa mwaka huo huo kifua kilimbana, akalazwa katika hospitali ya Presbyterian huko Chicago. Daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Ernest Irons, akaitazama damu yake kwa hadubini na kukuta chembe nyekundu zilizorefuka na kupinda umbo la mundu. Mkubwa wake, James Herrick, aliichapisha habari hiyo mwaka 1910, na hapo ndipo ugonjwa ambao bibi zetu waliujua kwa vilio vya watoto ulipoingia katika maandishi ya tiba ya Kimagharibi.

Wanaosimulia historia ya selimundu, yaani sikoseli, huanzia kwenye hadubini. Mimi huanzia kwenye kifundo. Noel alipita bandarini, akatibiwa, akasoma, akahitimu, akarudi kwao Grenada kung'oa na kuziba meno ya watu, akafa kwa nimonia mwaka 1916. Damu yake ilimpa Herrick umaarufu. Kidonda kilibaki mstari mmoja katika maelezo ya mgonjwa, na mstari huo unatuambia alipakwa nini. Alivyolala usiku baharini, mguu ukiwaka na chombo kikiyumba, hilo halimo.

Kidonda changu kiko mahali pale pale, upande wa ndani wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya mfupa unaochomoza. Hapo ngozi ni nyembamba, nyama ni haba, na damu ina safari ndefu ya kurudi juu. Ongeza chembe zilizopinda, ambazo huziba vijishipa vidogo na kuacha ngozi ikidai hewa, na utaona kwa nini kung'atwa na mbu au kuchubuliwa na mkanda wa kandambili kunatosha kabisa. Kwa mtu mwingine mchubuko huo ni habari ya wiki moja. Kwetu unaweza kuwa habari ya mwaka, na ukifunga, unafunga kwa masharti: siku ukichoka, siku ukiugua malaria, siku ukisimama mno, ngozi ile inapasuka tena.

Na kazi yangu ni ya kusimama. Nafundisha baiolojia shule ya sekondari hapa Mwanza. Kila mwaka kidato cha nne tunafika kwenye urithi wa vinasaba, nami nageukia ubao na kuchora mchoro wa baba AS na mama AS: mtoto mmoja kati ya wanne anatarajiwa kuwa AA, wawili AS, mmoja SS. Nawaeleza habari za Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba walio AS, wenye nusu ya kinasaba cha sikoseli, wana kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba kimejaa pwani na kuzunguka ziwa letu, huku nyanda za juu zenye baridi kikiwa adimu. Wanafunzi hupenda sehemu hiyo. Inawapa hisia kwamba maumbile yana akili. Wenye nusu wanafaidi, nawaambia, na wenye nzima wanalipa ankara. Wanaandika. Wachache hutazama chini, kwenye pindo la sketi yangu, wakijua kuna bendeji.

Daktari anataka mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo kila unapopatikana wasaa. Jaribu kufanya hivyo katika chumba cha walimu. Mwalimu aliyeketi huhisiwa mvivu. Mwalimu aliyeketi na mguu juu ya kiti cha pili huhisiwa amekosa adabu. Kwa hiyo mguu unakaa chini mpaka kengele ya mwisho, na unapofika nyumbani umejaa, bendeji imekaza, na majimaji yamepenya hadi kwenye soksi.

Nyumbani ni juu. Anayeijua Mwanza anajua vile vilima vya mawe ambavyo nyumba zimevipanda moja juu ya bega la nyingine, mpaka mahali ambapo hata bodaboda hugeuza na kukuambia, mama, hapa ndiyo mwisho wangu. Kutoka hapo ni miguu na majabali. Hospitali ya rufaa ya Bugando nayo ina kilima chake, na huko ndiko ninakokwenda kliniki, kupima damu, kuonana na mabingwa. Lakini kidonda cha namna hii hufunguliwa kila baada ya siku moja au mbili, kwa miezi, na hakuna hospitali ya rufaa iliyojengwa kwa kazi hiyo. Zahanati ya chini ingeweza, kama kushuka na kupanda mawe kusingekuwa kunakibomoa kila kilichojengwa. Basi uangalizi ukabidi upande kilima wenyewe. Hivi ndivyo huduma ya vidonda majumbani inavyozaliwa sehemu nyingi za nchi hii, kwa hesabu ya miguu na nauli, na waraka wa wizara hufuata baadaye.

Aliyepanda ni mama jirani, muuguzi mstaafu. Alifanya kazi enzi ambazo wauguzi walikata gozi kutoka kwenye jora, wakazikunja wenyewe na kuzipeleka kuchemshwa kwenye madramu ya chuma. Mikono yake bado inakunja pembe kwa pembe bila yeye kutazama. Alikuja na beseni lake. Alinifundisha kuchemsha maji, kuyaacha yapoe na mfuniko, na kutia kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Alichemsha kanga kuukuu, akazipiga pasi ya mkaa moto mpaka zikanukia, akazichana ziwe mikanda ya kufungia juu ya gozi, maana bendeji za duka la dawa zina bei na haziishi kununuliwa. Alifukuza tiba zote za mtaani: unga wa kapsuli za rangi mbili ambao kila mtu hapa huumwagia juu ya jeraha, spiriti, dawa ya zambarau. Asali ya nyuki wadogo aliikubali nusu nusu, akaionja kwanza. Hakudai shilingi. Nilimpa sukari na mchele sikukuu zilipofika, akapokea kwa kugomba.

Sasa nieleze jambo ambalo sijapata kulisoma katika vipeperushi vinavyosifu huduma ya jamii.

Mama jirani alikuwa wa shule ya kidonda kikavu. Kipigwe upepo, kifanye ukoko, kikauke. Wengi wa rika lake waliamini hivyo, ingawa tangu mwaka 1962 mtafiti George Winter alikuwa ameonyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Utafiti huo umetembea polepole kuelekea kwenye mawe yetu. Kwa hiyo gozi iliwekwa kavu, ikanyonya majimaji, ikakauka pamoja nayo, na nyama changa ikaota ndani ya matundu ya uzi. Siku ya kufungua, kilichokuwa kinavutwa hakikuwa kitambaa tu. Nilikuwa mimi.

Maumivu ya mifupa, yale ya sikoseli yenyewe, nimeyazoea kwa maana kwamba nayajua tabia. Yanakuja, yanapanda, yanakaa siku kadhaa, yanaondoka yameacha mwili umechoka. Ya kidonda hayaondoki. Mchana yapo chini, unafundisha juu yake. Usiku yanapanda, hasa saa zile ambazo mtaa wote umenyamaza nawe umeishiwa na cha kufikiria. Shuka likigusa, linaunguza. Hata kivuli cha mkono wa mtoto anayetaka kupita karibu kinakufanya uvute mguu kabla hujajua umeuvuta. Neva zilizochokozwa miezi mingi zinakuwa na hasira ya kudumu, zinaripoti mguso wa kawaida kuwa moto. Kisha juu ya hayo yote kuna dakika za kufungua, ambazo mwili huanza kuzihofia tangu asubuhi. Nikiwa darasani kipindi cha saba, nikieleza usanisinuru, tayari nilikuwa nimekaza meno kwa ajili ya saa kumi na moja jioni.

Na saa hiyo ilipofika nilisema nini? Nilisema, "Karibu, Mama. Shikamoo." Aliitikia marahaba, akaniuliza hali, nikajibu nzuri. Akasema pole, nikajibu nimeshapoa. Akaketi kwenye kigoda, akaupakata mguu wangu kwenye mapaja yake kwa upole usio na kasoro, akashika ncha ya gozi. "Vumilia kidogo, Mwalimu." "Endelea tu, Mama."

Endelea tu. Ningejibuje vinginevyo? Mwanamke huyu ana zaidi ya miaka sitini na magoti yake mwenyewe yanalia kwenye mawe. Ameacha uji jikoni. Alikuja msibani kwa baba yangu na kulala mkekani siku zote za matanga. Jumamosi tunakaa pamoja kwenye kikoba, Jumapili anaimba safu ya mbele yangu. Muuguzi wa zahanati, mgeni kwangu, ningemwambia wazi kwamba ananiumiza. Wapo wanaotukana kabisa, na walio kwenye benchi nje hucheka, na mambo huishia hapo. Jirani huwezi. Neno "unaniumiza" likitamkwa kwa mtu anayekutendea bure linageuka shtaka, na shtaka hilo litakaa kati yenu kwenye maji, kwenye mboga, kwenye kila kubisha hodi.

Naye, kwa upande wake, alisoma ukimya wangu kama alivyofundishwa kuusoma: mgonjwa ametulia, kazi inakwenda vizuri. Alipoona jasho kwenye paji langu, huruma ilimjia, na huruma yake ilimwambia aharakishe ili tumalize mapema. Alivuta kwa kasi zaidi. Nilinyamaza zaidi kwa ajili yake. Alivuta zaidi kwa ajili yangu. Hakuna mtu mbaya katika chumba kile. Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu kwa sababu malezi yangu yote yalinifundisha kwamba pakiwa na wema pande mbili basi mambo yatakuwa mema, na hapo kwenye kigoda wema wa pande mbili ulikuwa unachuna ngozi.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia kwamba huduma ikiwa karibu na nyumbani huwa laini zaidi. Iko karibu, ndiyo, na mguu wangu unashukuru kwa mawe ambayo haukuyapanda. Lakini ukaribu una ushuru wake, na unatozwa kwenye ulimi. Mtoto wa sikoseli huanza kuulipa mapema. Anagundua kwamba akilia kwa sauti mama halali, na mama asipolala kesho haendi sokoni, na asipokwenda sokoni watu wote ndani watajua kwa nini. Kwa hiyo anajifunza kulia bila sauti. Wakubwa wanamsifu: huyu mtoto jasiri. Anakua na sifa hiyo, na kufikia umri wangu amebobea kiasi kwamba uso wake hausemi tena kitu chochote.

Kisha anakwenda hospitalini, safari hii kwa maumivu ya mifupa, akiwa na uso huo huo, anasema yanauma sana, na haaminiwi. Uso umetulia mno. Akiukunja uso, anaaminiwa kidogo tu, au kuna anayenong'ona kwamba hawa wa sikoseli wanapenda sindano. Wenzangu wengi wa kliniki wana hadithi ya namna hiyo, na wengi wao wameipatia mahali tofauti, kwa hiyo sioni haja ya kutafuta wa kumlaumu hapa.

Kuna kipimo cha sifuri hadi kumi. Sifuri hauumwi, kumi ndiyo maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Mimi mwalimu, maisha yangu ni kutoa alama, na ninajua alama ni kitu dhaifu: ukimsahihisha mwanafunzi ukiwa na njaa anapata chini. Saba yangu ya asubuhi si saba yangu ya usiku. Hata hivyo nimekuja kukiheshimu kipimo hiki, kwa sababu kinamlazimisha mtu aulize. Kidonda chenyewe hakijawahi kukosa kipimo. Kinapimwa kwa rula, urefu kwa upana, kinapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa daktari kupitia WhatsApp, usaha unaelezwa rangi, harufu inaelezwa. Katika kipindi kimoja rula ilisema kinapungua, kila mtu akafurahi, na katika kipindi hicho hicho maumivu yalikuwa yanapanda. Mambo hayo mawili hayaendi sambamba, na tabibu yeyote wa vidonda analijua hilo. Ila furaha ya rula ilikuwa kubwa, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuiharibu.

Harufu niitaje haraka, kwani ni sehemu ya maumivu hata kama haiumi. Kidonda kikichafuka kinanuka, na mtu anayenuka kwenye daladala anajua kabla ya wengine. Unakaa dirishani, unafungua kioo, unajipulizia manukato ambayo yanafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Dawa yake ni rahisi mno kiasi cha kukasirisha: vidonge vya metronidazo, hivi hivi vya tumbo, vinasagwa na kunyunyizwa kwa kiasi anachoelekeza mtaalamu, na baada ya siku chache unaweza kukaa kiti cha katikati. Niliishi muda mrefu bila kuambiwa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtaa wetu ukapata kijana wake. Nilimfundisha. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, mwenye mwandiko mbaya, aliyepata shida na milinganyo ya kemia na hakuwahi kunyoosha kidole. Kazi yake haikuwa kufunga vidonda vikubwa. Kazi yake ilikuwa kutembelea kaya, kuelimisha, kuandika, kuwapa rufaa wanaohitaji. Lakini mama jirani alipata safari ya kwenda kumwona mjukuu Geita, akamwachia maelekezo na beseni, na daktari wa kliniki akasema sawa, mradi aelekezwe.

Jioni ya kwanza aliniamkia kutoka mlangoni na hakuingia mpaka nilipomwambia mara ya pili. Alinawa, akavaa glovu, akapiga magoti sakafuni badala ya kukaa kigodani. Alinitazama mguu kama anayetazama mtihani ambao hakuusomea. Mkono wake ulitetemeka. Akashika ncha ya gozi, akaiachia, akasema, "Mwalimu, niambie nikomee wapi."

Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Ilitoka kwenye hofu, hofu ya kijana wa Kiafrika mbele ya mwalimu wake, aliyemchapa daftari kwa kalamu nyekundu miaka minne. Hakuthubutu kuvuta bila idhini. Nami, ambaye mbele ya mama mzee nilikuwa mdogo wa kufundishwa kuvumilia, mbele yake nilikuwa mkubwa, na mkubwa anaruhusiwa kuamuru. "Hapo hapo," nilisema. "Simama. Mwagia maji." Akamwagia. Tukasubiri. "Kidogo tena." Gozi ililegea yenyewe upande mmoja, mwingine nikaushika mimi kwa vidole vyangu na kuutoa. Iliuma. Lakini iliuma kwa mwendo wangu.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba habari za maumivu haziendi moja kwa moja kutoka jeraha hadi ubongoni. Kuna mahali kwenye uti wa mgongo ambapo zinaweza kufunguliwa njia au kubanwa, na ubongo wenyewe, pamoja na woga wake na matarajio yake, una sauti katika kufungua na kubana huko. Sehemu za nadharia yao zimerekebishwa tangu hapo. Kiini kimebaki, na kinaeleza vizuri kwa nini kitambaa kile kile, kwenye kidonda kile kile, kinauma tofauti kikishikwa na mkono wako. Ukimtazama mwingine akikuvuta, hujui atakapokoma. Mwili usiojua mwisho wa jambo hujiandaa kwa lile baya kuliko yote.

Tukaongeza mengine. Paracetamol nikaimeza mapema, na kijana akafundishwa kuja muda wa sufuria ya wali kuiva baadaye, si papo hapo. Gozi ikawekwa na vaselini safi chini yake ili isishike. Feni ikazimwa wakati wa kufungua, maana upepo ulikuwa unachoma. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji bajeti.

Mama jirani aliporudi alikuta utaratibu mpya, na kwa siku kadhaa hakupanda. Nilijua kwa nini. Alipokuja hatimaye aliketi kigodani, akashika kiuno, akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Ni swali la haki na watu wengi wataliunga mkono: mgonjwa aseme, ana mdomo. Silikubali. Aliyelala na mguu wake kwenye mapaja ya mwingine yuko kwenye deni, na mwenye deni hachagui maneno. Kumtaka yeye ndiye aanze ni kumwongezea kazi ya pili wakati ya kwanza inamshinda. Aliyeshika gozi ana mikono, ana nafasi, ana muda wa kunyamaza na kungoja jibu. Kuuliza ni kwake. Na aulize swali linaloweza kujibiwa. "Inauma?" halifai, maana adabu imeshalijibu kabla halijaisha: hapana, Mama, kidogo tu. "Nianzie upande upi?" linajibika. "Nikomee wapi?" linajibika. Nilimweleza hivyo, si kwa ufasaha huu. Alisikiliza, akasema yeye amefungua vidonda tangu kabla sijazaliwa, akamwagia maji, akangoja.

Kuna usiku ambao yote hayo hayatoshi. Paracetamol ina ukomo wake, na dawa za aina ya diklofenaki figo zetu hazizipendi. Juu ya ngazi ya dawa za maumivu ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1986 kuna mofini, na ngazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wenye saratani. Wenye kidonda kisichopona hawakuwa mbele ya macho ya waandishi wake. Ng'ambo ya ziwa hili, ambalo naliona nikisimama mlangoni, Waganda walipata njia. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, ikaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika wenyewe. Hilo la pili ndilo linalonivutia. Waliona kwamba anayepanda kilima ni muuguzi, kwa hiyo ruhusa nayo ipande naye. Sisemi kila kidonda kipewe mofini. Changu, siku nyingi, hakiihitaji. Nasema usiku ule unaoihitaji, dawa iko chini kwenye jengo lenye kufuli na ruhusa yake iko mbali zaidi ya hapo, wakati mimi niko huku juu na watu wawili wenye beseni.

Kijana ana rejista. Safu zake zimechapwa tayari: tarehe, kaya, huduma iliyotolewa, rufaa. Mwisho kuna safu nyembamba ya maoni, ambayo wengi huiacha wazi. Yeye ameanza kuijaza kwa ule mwandiko wake. Kabla ya kufungua sita, baada ya kufungua nane, amesema subiri, tumesubiri. Usiku hakulala. Leo nne. Msimamizi wake alipopitia daftari mwisho wa mwezi alimuuliza namba hizo ni za nini, kwa kuwa kwenye taarifa ya kata hakuna pa kuzijumlisha, na kwamba kurasa zinakwisha kabla ya wakati.

Alinijia na daftari kwapani kuuliza aache au aendelee. Kabla sijafungua mdomo, mama jirani, aliyekuwa anachana kanga, alimwambia kama safu haitoshi achore nyingine pembeni, rula si ipo hapo juu ya meza, ile ya kupimia kidonda, na safari hii aandike kwa herufi zinazosomeka.